Sakafu ya Karakana: Tupime Kabla ya Kupaka

Somo la robo hii kwa Kamati za Majengo na Miradi za sharika, na kwa wahisani wetu



Mara nyingi ukurasa huu wa somo huzungumzia visima, mifugo, au vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunazungumzia kitu ambacho kila mtu hukikanyaga na wachache hukifikiria, yaani sakafu. Tunalenga hasa sakafu ya karakana ndogo ya nyumbani: lile banda la gari au chumba cha uani ambacho fundi hukigeuza kuwa mahali pa kuchomelea vyuma, kuranda mbao au kutengeneza pikipiki. Vijana wengi wanaomaliza mafunzo ya ufundi kwa msaada wa sharika zetu huanzia hapo. Hawana fremu mjini wala mtaji wa kupanga eneo Nyakato. Wana banda la nyumbani, seti ya vifaa na nguvu zao.

Tumechagua somo hili kwa sababu tulikosea, na kosa hilo lilituumiza.

Jambo lililotupata

Usharika mmoja ulio karibu na ziwa ulikuwa na nyumba ya zamani yenye banda la gari. Kamati iliamua banda hilo liwe karakana ya vijana waliokuwa wamemaliza mafunzo ya uchomeleaji na useremala. Wazo lilikuwa zuri. Washarika walichangia fedha za mnada wa mavuno, na wahisani wa nje wakaongeza fedha za mashine na za matengenezo ya sakafu. Sakafu ya zamani ilikuwa ya zege, imechakaa, ina mashimo machache na madoa ya oili ya miaka mingi.

Tarehe ya wageni kufika ilikuwa karibu. Kamati ilipendekeza ipakwe rangi ya epoksi, ile ya makopo mawili inayochanganywa, kwa sababu inang'aa na inasifika kuwa ngumu. Sisi wa ofisi ya miradi tuliidhinisha. Mashimo yalizibwa kwa saruji, na siku kumi baadaye rangi ikapakwa. Wageni walipokuja sakafu ilikuwa ya kijani, safi kama meza. Tulipiga picha, tukaiweka kwenye taarifa.

Masika ilipofika, sakafu ilianza kuota malengelenge. Yalipasuka, rangi ikabanduka vipande vipande, na chini yake palikuwa na unyevu. Asubuhi moja ya mvua kijana mmoja alikuwa akisukuma pikipiki kuiingiza ndani. Alikanyaga sehemu laini iliyolowa, akateleza, pikipiki ikamlalia, akavunjika mkono. Kwa fundi, mkono ndio shamba lake. Alikaa bila kazi zaidi ya miezi miwili, na familia yake ikaishi kwa msaada wa majirani na wa usharika.

Tulipokwenda kuangalia, tulimkuta fundi mwashi mmoja mzee ambaye hakuwa ameshirikishwa tangu mwanzo. Alitusalimu kwa heshima, akachuchumaa, akainua kipande cha rangi kwa kidole, akasema: "Ndugu zangu, mmepaka rangi juu ya jasho." Hatukuwa na jibu. Somo hili limetokana na maneno yake na kazi tuliyoifanya pamoja naye baadaye.

Kwanza tuijue sakafu yetu

Watu wengi hudhani saruji "inakauka". Saruji haikauki kama matope, inakomaa. Inaposhikana na maji hubadilika na kuwa jiwe, na mabadiliko hayo yanahitaji maji kwa siku nyingi. Ndiyo maana zege linalomwagiliwa vizuri siku saba au zaidi huwa gumu kuliko lililoachwa juani, na mafundi wa maabara hupima nguvu yake kamili likiwa na siku 28. Zege lililokaushwa haraka hubaki na uso dhaifu unaotoa vumbi kila unapofagia.

Jambo la pili ni kwamba zege lina vitundu vidogo sana, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda kupitia humo kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Kama chini ya sakafu haikutandikwa nailoni nzito wakati wa ujenzi, unyevu utapanda mwaka hadi mwaka. Sakafu iliyo wazi huuacha uende hewani bila madhara makubwa. Ukiifunika kwa ngozi isiyopitisha, unyevu hunaswa chini yake na kuisukuma ngozi hiyo hadi ibanduke.

Kwetu kando ya Ziwa Victoria jambo hili si dogo. Tuna masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Maji ya ardhini katika maeneo ya ufukweni hufuata kiwango cha ziwa, na ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Wazee wanakumbuka lilivyopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2020 lilipanda tena kwa kiwango kikubwa, na nyumba nyingi za ufukweni ziliingiliwa na maji. Kwa hiyo sakafu iliyoonekana kavu kiangazi inaweza kuwa na hali nyingine kabisa miezi sita baadaye.

Tatu ni udongo. Wasukuma wana majina ya udongo yanayomfaa sana mjenzi. Luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za mwinuko, unaopitisha maji. Itogolo ni ule wa chini zaidi, unaokuwa mgumu wakati wa kiangazi. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Sakafu iliyowekwa moja kwa moja juu ya mbuga itapasuka hata kama imepakwa rangi ya bei ya juu kuliko zote. Hapo dawa ni kuchimba, kuondoa udongo huo na kujaza moramu iliyoshindiliwa vizuri.

Vipimo vinne visivyo na gharama kubwa

Kabla kamati haijaenda dukani, ifanye vipimo hivi. Vyote vinaweza kufanywa na wajumbe wenyewe.

1. *Kipimo cha nailoni.* Kata nailoni ngumu inayoonyesha, upana wa sentimita 45 kila upande. Itandaze juu ya sakafu na uibandike kwa utepe pande zote nne, hewa isipite. Iache kuanzia jioni hadi kesho yake mchana, angalau saa 16. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, unyevu unapanda. Rudia sehemu tatu au nne, hasa karibu na kuta. Fanya wakati wa mvua, au mara baada ya masika. Kipimo cha Agosti peke yake kinaweza kudanganya.

2. *Kipimo cha tone la maji.* Dondosha maji kidogo sehemu mbalimbali. Yakinywewa, zege liko wazi. Yakibaki juu kama yaliyo kwenye jani la mgomba, hapo pana oili, nta au rangi ya zamani, na chochote utakachopaka hakitashika mpaka paondolewe.

3. *Kipimo cha msumari.* Kwaruza sakafu kwa msumari ukitumia nguvu. Ukipata alama nyembamba tu, uso ni mzuri. Ukipata unga na mfereji, uso ni dhaifu na lazima uondolewe kwanza.

4. *Kipimo cha sauti.* Gonga sakafu kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Mlio mkavu ni dalili njema. Mlio wa kopo tupu unaonyesha kuwa tabaka la juu limeachana na la chini.

Sakafu yetu ya kijani ingeshindwa vipimo vyote vinne. Hakuna aliyevifanya, kwa sababu tulikuwa tunahesabu siku za wageni.

Njia mbalimbali za kumalizia sakafu

*Niru.* Huu ni uji wa saruji unaopigwa kwa mwiko juu ya sakafu ikiwa bado mbichi. Kwa chumba cha kulala au sebule unafaa na ni wa bei nafuu. Kwa karakana ni mwembamba mno. Chuma kikianguka hubanduka kama ganda la yai, hasa kama ulipigwa juu ya zege lililokwisha kukomaa. Tuwaonye pia mafundi wanaonyunyizia saruji kavu juu ya zege lililotoa maji ili "kulikausha". Huo ni uso wa nje mgumu juu ya kitu laini, na hautadumu.

*Rangi ya sakafu ya mafuta.* Inapatikana kila duka na haihitaji ujuzi mkubwa. Lakini saruji ina magadi ndani yake. Unyevu ukipanda na magadi hayo, hugeuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni, nayo rangi hulainika na kubanduka. Inafaa kwa stoo kavu isiyo na kazi nzito.

*Epoksi.* Tusiilaumu epoksi kwa kosa letu. Ikiwekwa juu ya zege kavu, lenye umri usiopungua siku 28, lililosuguliwa likawa na uso wa kushika, lisilo na oili, ni kinga nzuri sana dhidi ya oili, petroli na tindikali ya betri iliyomwagika. Inasafishika kwa urahisi. Lakini ina masharti. Vipimo vya makopo mawili lazima vifuatwe kama alivyoandika mtengenezaji. Ikishachanganywa ina muda mfupi wa kutumika, na joto huufupisha zaidi. Hufaa kupakwa alasiri, sakafu inapoanza kupoa, kwa sababu asubuhi zege likipata joto hewa iliyo ndani hutanuka na kutoboa vitundu kwenye rangi mbichi. Ikilowa maji huteleza, kwa hiyo hunyunyiziwa mchanga msafi wa kushika mguu. Cheche za kuchomelea huichoma na kuacha makovu, na jua la mlangoni huibadilisha rangi. Kwa karakana ya uchomeleaji yenye sakafu inayotoa jasho, si chaguo sahihi.

*Dawa ya kukazia zege.* Ipo dawa ya majimaji yenye silikati ya sodiamu. Haitengenezi ngozi. Inaingia ndani ya vitundu, inashikana na chokaa iliyomo kwenye zege na kuwa ngumu humo humo. Hupunguza vumbi na, kwa kuwa haina ngozi, haina cha kubanduka. Haizibi mashimo wala haiokoi zege bovu, lakini kwa sakafu nzima inayotoa vumbi kidogo ni njia nzuri ya bei ya kati.

*Vigae.* Vinapendeza ofisini. Nyundo ikianguka hupasuka, na mguu wa meza ya chuma huvivunja kona.

*Tabaka la kokoto ndogo za granaiti.* Hili ndilo tulilochagua mwishoni, na tunalieleza hapa chini.

*Oili chafu.* Hii si njia ya kumalizia sakafu, lakini tunaitaja kwa sababu tunaiona kila mahali. Mafundi humwaga oili iliyotumika ili kuua vumbi. Inawaka moto, inateleza, ina madini yenye sumu yaliyotoka kwenye injini, na mvua huisukuma mtaroni hadi ziwani. Maji ya kunywa ya jiji la Mwanza yanatoka katika ziwa hilo hilo. Isitoshe, zege lililokunywa oili halikubali tena kitu kingine kushika. Tuache.

Tulichofanya badala yake

Mtu akifika Mwanza, mawe ndiyo yanayompokea: jiwe la Bismarck majini karibu na kivuko cha Kamanga, na milima ambayo nyumba zimejengwa katikati ya majabali. Mawe hayo ni granaiti. Katika milima hiyo akina mama na vijana huponda kokoto kwa nyundo na kuuza kwa ndoo. Fundi wetu mzee alituambia tuache kutafuta ugumu kwenye kopo wakati tumeukalia.

Tabaka hili ni la zamani katika ujenzi wa viwanda na maghala duniani: saruji sehemu moja, mchanga sehemu moja, na kokoto ndogo za granaiti sehemu mbili, zisizozidi ukubwa wa milimita 10. Linapolika kidogo kwa kazi, kinachojitokeza juu ni granaiti yenyewe. Unyevu ukipanda, hupita na kwenda zake hewani.

Kwa anayejenga upya, tabaka hili huwekwa siku ile ile ya zege la chini, kabla halijakomaa, kwa unene wa kati ya milimita 15 na 25. Tena anayejenga upya asisahau kutandika nailoni nzito chini ya zege, yenye unene wa robo ya milimita, vipande vikipandana sentimita 30. Gharama yake ni ndogo, na ndiyo nafasi ya pekee atakayoipata. Atakayefanya hivyo na kuliacha zege likomae na kukauka, atakuwa na uhuru wa kupaka epoksi baadaye akitaka.

Sisi tulikuwa na zege la zamani. Kwa hiyo tulifuata hatua hizi:

1. Tulibandua epoksi yote. Sehemu zilizokunywa oili zilichongwa kwa tindo hadi zege safi lilipoonekana. Uso wote ulichongwa uwe na makovu ya kushika. Kazi hii ilichukua siku nyingi kuliko nyingine zote, na vijana wenyewe waliifanya.

2. Sakafu ilifagiwa, ikaoshwa, ikalowanishwa usiku kucha. Asubuhi maji yaliyotuama yaliondolewa.

3. Mchanga ulipimwa. Tulitia mchanga nusu ya chupa ya kioo, tukaongeza maji na chumvi kidogo, tukatikisa na kuacha saa tatu. Tope lililokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga, mchanga huo unahitaji kuoshwa. Kokoto nazo zilichaguliwa. Jiwe zima likigongwa hulia. Lililooza husagika mkononi.

4. Upande mmoja wa banda, uji wa saruji ulipakwa kwa brashi ngumu, na kabla haujakauka tabaka jipya likamwagwa juu yake kwa unene wa milimita 40. Uji ukikauka kabla, unatenganisha badala ya kuunganisha.

5. Maji yalipimwa kwa ndoo, yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, tukihesabu na maji yaliyomo ndani ya mchanga. Fundi akilalamika kuwa mchanganyiko ni mgumu kuvuta, aongezewe msaidizi badala ya maji.

6. Sakafu ilipewa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni. Ilipigwa mwiko wa chuma mara tatu, kwa kusubiri kati ya mara moja na nyingine. Sehemu ya mlangoni ilipitishwa ufagio ili isiteleze.

7. Banda la mita 6 kwa 3 liligawanywa vipande viwili vya mita 3 kwa 3, kukiwa na mwachano kati yao, ili zege likijivuta lijue mahali pa kupasukia.

8. Lilifunikwa magunia na kumwagiliwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba kamili. Mama mwenyekiti wa kamati alipanga zamu, na kila jina liliandikwa ukutani. Mashine zilirudishwa baada ya siku 28.

Mlango nao ulilazimika kukatwa chini kwa sababu sakafu ilipanda. Kamati zikumbuke jambo hilo kwenye bajeti.

Hesabu kwa mfano wa banda letu

Eneo ni mita 6 mara 3, yaani mita za mraba 18. Kwa unene wa milimita 40 tunapata mita za ujazo 0.72. Vifaa vikiwa vikavu hujazana vikichanganywa, kwa hiyo vinahitajika karibu mara moja na nusu ya ujazo huo. Tulihitaji:

- Saruji mifuko 8 ya kilo 50, na mmoja wa akiba.
- Mchanga ndoo 14 za lita 20, yaani ndoo moja na robo tatu kwa kila mfuko.
- Kokoto ndogo ndoo 28, yaani ndoo tatu na nusu kwa kila mfuko.

Bei hatuziandiki kwa sababu hubadilika, na za Ukerewe si sawa na za Igoma. Lakini tunaomba kila kamati ilinganishe gharama kwa mwaka, si gharama ya siku ya kununua. Tuseme, kwa mfano tu, sakafu ya kwanza ni shilingi 300,000 na inadumu miaka 2, na ya pili ni shilingi 900,000 na inadumu miaka 15. Ya kwanza inakula shilingi 150,000 kila mwaka, ya pili shilingi 60,000. Hapo bado hatujahesabu siku ambazo karakana inafungwa ili kurudia kazi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Kwenye saruji, angalieni maandishi ya mfuko: alama ya TBS, daraja la nguvu, yaani 32.5 au 42.5, na tarehe ya kutengenezwa. Mfuko wenye mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole urudishwe dukani.

Usalama na utunzaji wa ziwa

Vumbi la granaiti na zege lina silika, nayo ikikaa kwenye mapafu haitoki. Wanaochonga wavae barakoa nzuri na walowanishe sehemu wanayochonga. Jambo hili linawahusu pia wale akina mama wanaoponda kokoto. Usharika unaonunua kwao unaweza kuwapelekea miwani na barakoa kama sehemu ya bei.

Anayechanganya epoksi avae glavu na afungue milango, maana huweza kuharibu ngozi. Tindikali ya kusafishia sakafu hatuishauri mikononi mwa wasio na uzoefu.

Sakafu inayotoa jasho na umeme wa kuchomelea ni maadui. Mchomeleaji asimame juu ya jukwaa la mbao kavu, akiwa na buti za mpira zisizotoboka, na nyaya zisilale chini.

Mchanga usichotwe ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tukinunua mchanga, tuulize umetoka wapi.

Neno kwa wahisani wetu

Baada ya ajali tulikuwa na njia mbili. Tungeweza kunyamaza, kwa kuwa picha nzuri ilikwisha kutumwa. Au tungeweza kusema. Tulikaa na kamati, na mzee mmoja wa kanisa akauliza: "Tukiwaficha hili la sakafu, watatuamini vipi kwenye kisima?" Tukaandika barua. Tulieleza kuwa sakafu imeharibika, kijana ameumia, na sisi ndio tuliotia saini.

Wahisani walijibu kwa maswali mawili: kwa nini ilitokea, na mtafanya nini isitokee tena? Hawakukata msaada, ila hawakulipa sakafu ya pili pia. Usharika uliibeba wenyewe kwa mnada mwingine na kwa nguvu za vijana. Tunaona walifanya vema. Sakafu ile ina jasho la wenyewe, na leo hakuna anayemwaga oili juu yake bila kukemewa.

Nasi tunalo ombi kwenu. Mnapopanga kututembelea, msishangae mkikuta kazi haijaisha. Zege linahitaji siku zake, na ratiba ya wageni isiwe sababu ya kupaka juu ya jasho. Taarifa yenye picha ya magunia yaliyolowa ina thamani kuliko ya rangi inayong'aa.

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu aliyejenga kwenye mwamba na mwingine kwenye mchanga (Mathayo 7:24–27), na juu ya yule anayekaa kwanza kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28–30). Mvua ilizinyeshea nyumba zote mbili. Mpaka siku hiyo, huenda mpita njia asingeona tofauti yake.

Sakafu ya banda lile imepita masika tatu. Ina ufa mmoja karibu na nguzo ya mlango, mahali ambapo tulisahau kuweka mwachano. Tumeuziba na tunauangalia. Wakati wa mvua inakuwa nyeusi kidogo, kisha inarudi. Kijana aliyevunjika mkono amerudi kazini, na siku hizi ndiye anayewafundisha wenzake kipimo cha nailoni.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, majengo ya usharika wetu yamewekewa nailoni chini ya sakafu? Nani anakumbuka yalivyojengwa?
2. Udongo wetu ni luseni, itogolo au mbuga? Tumwulize nani?
3. Ni uamuzi gani wa ujenzi tumewahi kuuharakisha kwa ajili ya wageni au sherehe? Matokeo yake yalikuwa nini?
4. Katika usharika wetu kuna fundi mzee ambaye hatujawahi kumwita kwenye kikao? Tutamwalika lini?
5. Mradi ukiharibika, nani ataandika barua ya kweli, na ndani ya siku ngapi?

Kamati zitakazofanya kipimo cha nailoni masika ijayo zituandikie matokeo, mazuri na mabaya, ili nasi tujifunze. Mungu awabariki na aithibitishe kazi ya mikono yenu.